Jina Lililoitwa Kila Alhamisi

Hakupenda kuangaliwa usoni, na yeye mwenyewe hakuangalia uso wa mtu. Ukiingia katika kile chumba nyuma ya ukumbi wa parokia pale Nyakabiga, macho yake yalishuka moja kwa moja miguuni, kwanza miguu ya mtoto, kisha ya mama. Nilimwendea kwa karibu miaka minne na sina hakika kama angenitambua njiani siku ambayo ningevaa viatu vya kufunika. Tulimwita Muganga wa Miguu. Hakuwa daktari. Alikuwa nesi wa zamani aliyejua kufunga plasta, na daktari mwenyewe wa mifupa tulimwona mara moja kwa mwezi, mwezi ambao barabara zilimruhusu. Lakini kwa sisi akina mama tuliozaa watoto wenye nyayo zilizogeukia ndani, muganga alikuwa ni yule, na kliniki ilikuwa Alhamisi.

Kwa asiyeijua kazi ile, nitaieleza. Mtoto huletwa angali mchanga. Muganga huunyoosha mguu kidogo tu, kadiri mtoto anavyoweza kuvumilia, halafu huufunga plasta, ile bendeji yenye unga mweupe inayokauka ikawa ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani. Baada ya wiki anaifungua, ananyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Inakwenda hivyo miezi. Ukikosa wiki moja si kitu kikubwa. Ukikosa wiki nyingi, mtoto anakua na plasta haikui naye. Ngozi inachubuka, vidole vinavimba, damu inakosa njia, na mguu ulioletwa kutibiwa unaweza kuoza humo ndani. Kwa hiyo kila mama alijua kwamba akishakubali mtoto afungwe leo, lazima amrudishe Alhamisi ijayo.

Na kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Mimi ni mtu wa Uvira, upande wa Kongo. Mume wangu alinileta Burundi, akanipangishia chumba kimoja Carama, pembeni ya mashamba, halafu akaenda Kigoma kutafuta maisha, na mpaka leo naendelea kuambiwa kwamba alionekana mahali. Vita vilinikuta pale na mtoto wa miezi mitatu, mguu wake wa kuume umekunjika kama jani. Sikuwa na ndugu wa karibu, sikuwa na shemeji wa kunisindikiza. Nilitoka asubuhi baada ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, kuisha, nikapita mitaa ya mji, kartie zilizofungwa milango, nikavuka daraja la Ntahangwa na Anjeliki mgongoni, nikisikiliza. Mtu anayetembea peke yake wakati wa vita anakuwa masikio matupu.

Pale chumbani kitu cha kwanza ulichosikia ni sauti yake. Aliimba huku akifunga, nyimbo za kanisani, lakini hukuweza kujua ni wimbo gani, kwa maana aliimba besi peke yake. Alikuwa mtu wa kwaya. Wenzake walikuwa wametawanyika, wengine wamekimbia, wengine wamezikwa, na mmoja, mwenye sauti ya kwanza, alikuwa bado yu hai mjini humo humo, katika kartie za upande wa pili wa vita, hawakuweza kuonana. Muganga aliendelea na sehemu yake. Aliimba maneno mawili, akanyamaza kuwapisha wale wasiokuwepo, kisha akaingia tena mahali pake barabara. Mwanzoni nilitaka kucheka. Baadaye kile kimya chake katikati ya wimbo kilinitia huzuni kuliko wimbo wowote wa msiba.

Binti yangu hakuona huzuni yoyote. Kwa kuwa alisikia besi ile tangu hajaota meno, alipoanza kuimba aliimba hivyo hivyo, kwa sauti nzito ya kulazimisha, na vimya vyote mahali pake. Alidhani ndio wimbo wenyewe.

Kwa watoto alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwingine, lakini hakuwabeba kamwe. Alishika mguu tu. Mtoto akilia alingoja, kidole gumba chake kimetulia kwenye kifundo, mpaka kilio kiishe chenyewe. Kwa sisi mama zao hakuwa na subira hata kidogo. Alitugombeza kama wasichana wa shule. Mama mmoja aliyemleta mtoto wa miaka mitatu kwa mara ya kwanza aliambiwa mbele yetu sote, kwa mfano wa dagaa, "Ndagala mukavu haukunjwe, mama. Unavunjika. Ulikuwa wapi ukiwa mubichi?" Yule mama akalia. Muganga akaangalia pembeni, akaanza kuuchua mguu wa yule mtoto, akauchua saa nzima, na mwishoni akasema atajaribu. Alijaribu miezi minane.

Foleni yake ilikuwa na sheria yake. Haikufuata nani amefika kwanza. Aliyetoka mbali ndiye aliyeingia kwanza, apate kurudi kwake kungali mapema. Lakini hakuuliza mtu anatoka wapi. Alisimama mlangoni akasoma miguu yetu. Vumbi jekundu lilikuwa na upande wake, mchanga wa ziwani upande wake, na udongo mweusi wa kunata ulitoka kule chini kwenye mashamba ya mpunga, kuelekea mto Rusizi. "We mwenye mweusi, ingia. We mwenye vumbi, fuata. Nyinyi wenye viatu safi mukae." Mama mmoja wa pale pale Nyakabiga aliwahi kujipaka udongo miguuni kwenye kona ya parokia. Muganga akamtazama akasema, "Udongo yako, mama, imepanda juu lakini haikuingia katikati ya vidole. Utaingia wa mwisho." Tulicheka siku ile. Ni mara chache tulicheka pamoja.

Maana hatukuwa pamoja. Tulikaa benchi moja, mabega yanagusana, na kila mmoja alikuwa peke yake. Miaka ile kutaja kartie yako kulikuwa ni kutaja kabila lako, na kulitaja mbele ya mtu usiyemjua kulikuwa ni kubahatisha na maisha. Basi tulizungumza juu ya vinyesi vya watoto, juu ya chumvi na sabuni. Tuliitana kwa majina ya watoto wetu tu. Na katika daftari la Muganga, daftari la shule lenye jalada la buluu, hakukuwa na zaidi ya hayo. Jina la ubatizo la mtoto, mguu gani, siku ya kufungwa, siku ya kufunguliwa. Mahali pa makazi hapakuwepo. Ofisi ya misaada iliyomletea plasta ilipompelekea fomu zilizochapishwa, zenye mstari wa kuandika mtu anakaa wapi, alichukua rula akaukata mstari ule katika kila fomu, moja baada ya nyingine.

Niliona faida yake kwa macho yangu. Asubuhi moja waliingia vijana watatu. Mmoja alikuwa na guruneti, analipitisha mkono huu na mkono ule kama mtu anayechagua embe sokoni. Tulikuwa mama kumi na wawili. Muganga alikuwa ameshika mguu wa mtoto, plasta bado mbichi.

"Daftari iko wapi?"

"Iko mu meza. Muchukue. Mi siwezi kuachilia huu muguu, plasta inakauka."

Yule kijana akasoma kwa sauti. "Anjeliki, kuume. Dezire, yote mbili. Klodeti, kushoto." Akageuza kurasa. "Hawa bantu banatoka wapi?"

"Kwa mama yao."

"Mi nauliza kartie."

"Kartie siulizake. Mi nafungaka miguu tu."

Kijana alitutazama, mmoja mmoja, kwenye pua, kwenye vipaji vya uso, jinsi walivyokuwa wakitazama watu kutafuta kabila. Kila mmoja wetu aliishikilia lugha yake ndani ya mdomo. Muganga aliendelea kulainisha plasta kwa kiganja, akaingia kwenye besi yake, akanyamaza, akaingia tena. Hatimaye wakalitupa daftari chini, wakaenda. Alimaliza mguu ule. Ndipo akatoka nyuma ya ukumbi, tukamsikia anatapika, akarudi na uso umeoshwa. "Nani anafuata?"

Kwa hiyo nisije nikasikika kana kwamba namlaumu kwa daftari lile. Mimi mwenyewe pengine niko hai kwa sababu yake.

Sheria yake nyingine ilikuwa hii: aliyefunga ndiye afungue. Hakutufundisha namna ya kuitoa plasta, na hakutaka tujue. Zamani, alisema, mama walikuwa wanawafungua watoto nyumbani kwa kuwa wanalia, halafu wanarudi baada ya miezi na mguu umejikunja upya, wanasema dawa ya kizungu haifai. Kila tulipotoka alitusindikiza na maneno yale yale kutoka mlangoni: "Plasta isiguse maji. Mvua, beseni, mutoni, isiguse." Mama aliyerudi na plasta iliyolowa alirudishwa mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha kulikuwa ni kusubiri wiki sita au zaidi, mguu ukiendelea kukauka ukiwa umepinda. Nilimwona mmoja akifanyiwa hivyo. Alipiga magoti na haikumsaidia.

Basi siku moja nilikuwa nafua uani kwangu Carama, nikaingia ndani kuchukua sabuni, na niliporudi Anjeliki alikuwa amejitumbukiza katika beseni, amekaa humo, anapiga maji kwa mikono. Sijui alikaa muda gani. Nilipomtoa, plasta ilikuwa inavutika kwa kidole, laini, tabaka baada ya tabaka. Nilishikwa na hofu. Nilimfunga kwa kitambaa, nikangoja Alhamisi, nikamwambia Muganga kwamba mvua ilitukuta njiani tukakosa pa kujikinga. Kweli mvua ilikuwa inanyesha wiki ile. Alinitazama miguu, akaiona ina matope, akanung'unika, akafunga nyingine. Hakunirudisha mwisho wa orodha. Nilirudi nyumbani na siri mbili, kwamba nimemdanganya, na kwamba maji yanatosha kuitoa plasta.

Mama Dezire alikaa karibu nami Alhamisi nyingi. Alikuwa msichana tu, labda miaka kumi na tisa, mwenye udongo mweusi miguuni kila mara, ndiyo maana aliingia wa kwanza. Mwanawe alikuwa mnene, mcheshi, amefungwa miguu yote miwili, anazigonganisha plasta zake kama mtu anayebisha hodi. Sikujua anakaa wapi na sikumuuliza. Lakini alikuwa na tabia ya kunishikia Anjeliki nikienda msalani, bila kuombwa, na katika miaka ile mtu wa kukushikia mtoto alikuwa ndugu.

Alhamisi moja Mama Dezire alitoka chumbani, mtoto akiwa amefungwa upya, plasta bado baridi. Badala ya kuondoka akaja kukaa kando yangu.

"Mama Anjeliki," akasema polepole, "kama mutu hataweza kurudi wiki ingine, anafanya nini?"

"Juu ya nini usirudi?"

Akamkaza Dezire kifuani. Alikuwa anatazama mlango. Watu wa upande wa kaskazini na wa mtoni walikuwa wameanza kuhama, sote tulijua. Nikainama sikioni mwake.

"Weka miguu mu maji. Maji mingi. Ukae nayo mupaka ilegee, halafu unavuta na kidole. Usiambie mutu."

Alinishika mkono kidogo, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Pale mlangoni nilimsikia Muganga anamwambia, kama alivyotuambia sote, "Isiguse maji, mama. Umesikia? Isiguse."

"Nimesikia, Muganga."

Hakurudi. Wiki ile kule chini kulichomwa moto, na watu wa udongo mweusi wakatawanyika, wengine wakavuka Rusizi kuingia Kongo, wengine hatujui. Mimi pia nilihama Carama na godoro kichwani, nikapokewa Buyenzi kwa binamu ambaye hakunifurahia. Lakini Alhamisi nilikwenda kliniki. Muganga alifungua daftari, akaita, "Dezire. Miguu yote mbili." Kimya. Akangoja, akatazama mlango, akaendelea na mwingine. Alhamisi iliyofuata akaita tena. Ya tatu aliita, akaja kusimama mbele ya benchi yetu.

"Mama Anjeliki. We ulikuwa unakaa karibu yake. Hakukuambia anaishi wapi?"

"Apana, Muganga." Na hiyo ilikuwa kweli.

"Hakukuambia kitu?"

Ningeweza kusema pale. Anjeliki alikuwa amebakiza plasta tatu, daktari alikwisha kusema tatu tu, mguu ulikuwa umenyooka hata mimi mwenyewe nilikuwa nauangalia nikiamka. Nikamwona akilini yule mama aliyepiga magoti. Nikasema, "Apana. Hakuniambia."

Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, nikaficha kwa ajili ya yule niliyemzaa. Hata leo sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo. Nilikuwa mwoga.

Muganga alianza kutafuta. Hakuwa na anwani, hakuwa na jina la baba; alikuwa na udongo mweusi tu. Jumapili baada ya misa, mtu ambaye hakupenda kwenda popote, alitembea kwa miguu kwenye makambi ya waliohama, mahali popote palipokuwa na watu kutoka mashamba ya mpunga, anapita kati ya mahema akiangalia chini. Mara mbili askari walimkamata kwa kumdhania mpelelezi, kwa maana mtu anayezunguka kambini bila kumtazama mtu usoni anatafuta nini? Aliwaambia anatafuta miguu miwili ya mtoto. Mara ya pili walimpiga. Alhamisi alikuja na jicho limevimba, akafungua daftari. "Dezire. Miguu yote mbili."

Aliita hivyo kila Alhamisi, kabla ya majina mengine yote. Wanawake wapya walidhani ni mtoto aliyechelewa. Anjeliki alimaliza plasta, akaingia kwenye vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma ambavyo watoto hulala navyo, tukawa tunakwenda mara moja kwa mwezi, na kila nilipokwenda nilisikia jina lile. Mwanzoni nilijiambia nitasema wiki ijayo. Halafu ikawa nimekaa nalo muda mrefu mno, ungeanzaje? Nilisikia jina, nikatazama mikono yangu, naye akasikiliza kile kimya kama alivyosikiliza vimya vya kwaya yake.

Karibu mwaka baadaye alifika na beseni la plastiki, akaliweka katikati ya chumba, akajaza maji. Akatuita sote tukasimama mviringo. Akachukua plasta ya mtoto mmoja, akatuonyesha namna ya kuilowesha, kuitia vinegre, yaani siki, kidogo kama ipo ili ilegee upesi, kutafuta mwisho wa bendeji, kuivuta bila kukwaruza ngozi. Akatulazimisha kila mmoja ajaribu. Zamu yangu ilipofika nilijifanya sijui. Nilitafuta mwisho wa bendeji mahali pasipo, akadhani ni ugeni.

"Kama hamuwezi kurudi," alisema, "musiningojee. Mufungue nyinyi wenyewe." Akatazama maji. "Nilikosea kutowafundisha. Mi njo nilikosea." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema amekosea. Na bado, hata baada ya hapo, hakuandika kartie ya mtu. Ofisi ilimwambia, unaona sasa, ungekuwa na anwani ungempata. Akajibu kwamba wengine nao wangempata. Alikuwa na haki, na haki ile haikumpa usingizi.

Anjeliki alipotimiza miaka minne akavua vile viatu kabisa. Siku ya mwisho nilitaka kumshukuru Muganga kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Alimwambia mtoto atembee mpaka ukutani na kurudi, akatazama, akasema, "Sawa. Nani anafuata?" Muda si mrefu chumba kile kikajaa wakimbizi wa ndani, kliniki ikafungwa, na yeye nikampoteza.

Miaka mitano ikapita. Mazungumzo ya amani yalikuwa yanasikika redioni kila siku, na milio ya risasi milimani kila siku vilevile. Sokoni nikaambiwa kwamba Muganga wa Miguu anaumwa, anakaa Mutanga Nord, katika chumba cha uani kwa mpwa wake. Nilinunua ndagala, nikamvika Anjeliki gauni la kanisani, tukaenda mchana wa Jumatano.

Alikuwa peke yake, mpwa yuko kazini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kivulini mwa ukuta, suruali imekunjwa, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilipobisha hodi aliangalia viatu vyangu, kisha viatu vya Anjeliki, na macho yake yakabaki hapo, kwenye mguu wa kuume.

"Huyu ni wangu," akasema. "Vua viatu, mama. Tembea."

Anjeliki akavua, akatembea hadi getini, na kwa kuwa aliona haya akaanza kuimba kidogo kidogo, ile sauti yake nzito, maneno mawili, kimya, maneno mawili. Muganga akainua kichwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Nani alimufundisha besi?"

"Ni we, Muganga. Yeye anazani njo wimbo."

Akacheka mpaka maji yakatikisika. Halafu akafuta macho, akasema, "Angalia sasa. Muganga wa Miguu, na miguu haina." Chini ya kiti chake niliona lile daftari la buluu, jalada limefifia, na sikuhitaji kuuliza ni jina gani alikuwa bado akilisoma humo.

"Muganga," nikasema, "iko kitu sikukuambia. Ni juu ya Dezire."

Hakuuliza Dezire yupi. Nikamweleza yote, beseni la Carama, mvua niliyomdanganya, Mama Dezire na swali lake, maneno niliyomwambia sikioni. Nilisema haraka nikiangalia maji yake.

"Ulimuambia maji tu?" akauliza. "Ao na vinegre?"

"Maji tu. Vinegre sikuijua."

"Maji tu inatosha. Inakawia, lakini inatosha." Akausogeza mguu ndani ya beseni. "Unajua kama alifanya?"

"Sijue, Muganga. Sikumuona tena."

"Na we ulinisikia naita jina yake."

"Nilisikia."

"Alhamisi zote."

"Zote."

Nilingoja anifukuze. Ningefurahi kama angenifukuza. Anjeliki alikuwa getini, anachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu.

"Wale wa udongo mweusi walipita Rusizi," alisema hatimaye. "Maji inafika hapa." Akaweka mkono kifuani. "Miaka hii yote namuonaka yule mama ndani ya muto. Amebeba mutoto juu ya kichwa, hivi." Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, viganja vimefunguka. "Plasta isiguse maji. Sababu mi nilimukataza, na yeye alisema amesikia. Na mutu mwenye kubeba hivi hana mukono ya kujishika. Maji ikimusukuma, hana mukono."

Mimi nililala miaka ile na uongo wangu mdogo, na yeye alikuwa amelala na hiki.

"Kama alijua," akasema, "basi alimufunga mu mugongo. Akaacha miguu iingie mu maji."

"Alijua, Muganga. Nilimuambia."

"Akabaki na mikono."

"Ndiyo. Akabaki na mikono."

Mikono yake mwenyewe ilikuwa bado juu. Aliishusha polepole sana, mpaka ikafika magotini. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, nikaingia ndani kumchemshia mengine.